Plagi, Ngamia na Kifo Kifupi cha Mjomba

Pikipiki yetu ilikuwa na mafundi wawili, na wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Wa kwanza alikuwa na kibanda cha mabati mtaa wa Kiwanjani, mjini kwetu, Mmeru mpole ambaye hakupandisha sauti hata kwa boliti iliyoshika kutu. Kila Jumamosi nilimpelekea pikipiki, naye kila Jumamosi aliifungua plagi, akaielekeza kwenye mwanga na kunionyesha ncha yake. Nyeusi. Masizi matupu. "Inakula petroli mingi kuliko hewa, mwalimu," alisema, kisha akageuza skrubu ya kabureta kupunguza petroli.

Wa pili alikuwa Kulamawe, ambako nilifundisha kemia. Jumatatu, baada ya safari ndefu ya vumbi, pikipiki ilifika ikikohoa, injini imewaka moto hata huwezi kuweka goti karibu. Fundi wa kule aliifungua plagi ile ile. Nyeupe kama mfupa uliolala juani. "Hii kitu inakufa njaa," alisema. "Nani alikufanyia hivi?" Akageuza skrubu kuongeza petroli. Jumamosi yule wa Kiwanjani aliipunguza tena. Skrubu ile ilizunguka muhula mzima, huku na huku, kama mtoto wa wazazi waliotengana.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na digrii moja na swali moja: "Umejuaje?" Nilimwuliza muuza miraa aliyeapa kwamba fungu lake limechumwa alfajiri hiyo. Nilimwuliza mwanasiasa aliyesema sisi vijana ndio viongozi wa kesho. Siku moja nilimwuliza mama yangu, aliponiambia nimekonda.

"Hiyo umejuaje yako," mama alisema, "itakukosesha mke. Utaambiwa unapendwa, utauliza umejuaje."

Lakini plagi niliipenda. Katika mji ambapo kila mtu ana hakika na hakuna mwenye ushahidi, hapa palikuwa na kitu unachoweza kushika mkononi. Plagi ndiyo inayotoa cheche ndani ya injini, na ncha yake hubaki na alama ya kilichoungua. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini inajichoma yenyewe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, nyamaza, funga, enda zako. Mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa na usemi wa mwisho juu ya pikipiki kwa sababu yeye na mama waliinunua pamoja, aliielewa sayansi hii mara moja. Baba yake alikuwa akisoma utumbo wa mbuzi.

"Ni ile ile," aliniambia. "Unafungua, unatazama ndani, unajua kama utasafiri."

"Astaghfirullah," mama alisema kutoka jikoni.

Basi ikatokea siku moja nikiwa nimempakia mjomba, tukitoka Kulamawe, pikipiki ikazima katikati ya nyika. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara tukingoja injini ipoe, wakati kundi la ngamia lilipotupita. Lilitupita polepole, kwa heshima, kila ngamia akitutazama kwa juu. Mwenye kundi alisimama akatusalimu, akaizunguka pikipiki yetu mara moja.

"Inatoa maziwa?" aliuliza.

"Hapana," mjomba alisema.

"Inazaa?"

"Hapana."

"Na kutembea?"

Mjomba akapangusa kiti cha pikipiki kwa shuka. Yule bwana akasema kwamba yeye ana watoto wa kiume wanaolilia pikipiki, na ana ngamia jike mtulivu, wa maziwa mazuri. Mjomba akamtazama yule ngamia jinsi watu wengine wanavyotazama picha za ujana wao. Wakapatana kwamba Jumamosi inayofuata bwana huyo angekuja mtaani kwetu Wabera na ngamia wake, na kama pikipiki bado ni mgonjwa, wangebadilishana.

Bila pikipiki sikuwa na kazi. Malori ya Kulamawe huondoka yanapotaka, na mwalimu mkuu alikuwa ameshaniambia kwamba nikichelewa Jumatatu moja zaidi atatafuta mwalimu anayeishi karibu na kengele. Nilimweleza mjomba hayo. Akafikiri, akatoa hukumu yake. Jumamosi asubuhi, kabla mwenye ngamia hajafika, plagi isomwe mbele yake yeye mjomba. Ikiwa rangi ya chai, pikipiki inabaki. Ikiwa nyeusi au nyeupe, ngamia anaingia.

"Na isomwe hapa mjini," alisema. "Sitaki kuambiwa ati huko porini ilikuwa nzuri. Mbuzi husomwa nyumbani kwa mwenye mbuzi."

Nilikimbilia Kiwanjani. "Umejuaje," nilimwuliza fundi, "kwamba weusi huu unatokana na skrubu, si kitu kingine?"

"Plagi haidanganyi, mwalimu. Inakuambia ile kitu injini ilifanya mwisho."

"Mwisho lini?"

"Zile dakika za mwisho kabla uzime. Ukikuja mbio halafu uzime hapo hapo, inasema ukweli ya safari. Ukikuja ukisimama-simama, imewaka tu bila kazi, inashika moshi."

Aliyasema hayo huku akitafuta spana, kama mtu anayekuambia leo ni Alhamisi. Mimi nilikaa juu ya tairi kuukuu. Niliiona njia yangu yote kutoka Wabera hadi kibanda chake, na watu wote waliosimama kandokando yake.

Kwenye kona ya kwanza kutoka kwetu huketi bibi auzaye maziwa ya ngamia, na kila mtu humwita Akko, nyanya, hata wanaomzidi umri. Huwezi kumpita Akko. Unasimama, unaacha injini ikinguruma kwa sababu kiki yetu, ile pedali ya kuwashia, ni ngumu na inauma kisigino, naye anaanza. Amani? Amani. Mama ana amani? Anayo. Kulamawe kuna amani? Mvua imenyesha? Majani yapo? Mbuzi hawajambo? Sisi hatuna mbuzi, hatujawahi kuwa na mbuzi tangu nizaliwe, lakini hujibu kwamba hawajambo, kwa kuwa kusema hatuna kungezaa maswali mengine. Baada ya Akko kuna mwenye bucha. Baada ya bucha kuna wazee wa nje ya msikiti, ambao husalimiwa mmoja mmoja. Halafu duka la rafiki wa marehemu baba. Wakati wote huo injini inanguruma bila kazi na plagi inakusanya masizi. Fundi alikuwa hasomi injini. Alikuwa anasoma adabu yangu. Na muhula mzima tulikuwa tukipunguza petroli ili kutibu salamu.

Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kufurahi chuoni. Fundi alirudisha skrubu mahali alipoamini ni pa haki, akanipa plagi safi na maagizo. Jumamosi nitoke nyumbani, nipande gia haraka, nije mbio, nisisimame popote. Nikikaribia kibanda, nizime injini ikiwa bado inavuta, nibane klachi, niteleze kimya hadi mlangoni.

"Na watu?" nilimwuliza.

"Watu gani?"

"Wa kusalimia."

Alifikiri. "Wasalimie ukirudi," alisema.

Jumamosi asubuhi mjomba alisimama uani akashuhudia plagi safi ikifungwa. Kisha akapanda boda ya jirani atangulie Kiwanjani kushuhudia ikifunguliwa. Kulikuwa na upepo wa vumbi, na kifua chake hakipendi vumbi, kwa hiyo alijifunika shuka nyeupe kuanzia kichwani, akamkumbatia mwenye boda mgongoni na kuegemeza shavu. Ndivyo alivyopita mbele ya Akko, bucha na msikiti, katika njia hiyo hiyo ielekeayo hospitalini.

Mimi nikafuata baada ya muda mfupi. Nilivaa helmeti, nikafunga kioo chake, nikaondoka kama mtu aliyeiba. Akko aliinua mkono. Nikampita. Sitasahau mkono ule kwenye kioo cha pembeni, ulivyobaki juu hewani, hauna pa kwenda. Mwenye bucha aliita. Nikampita. Wazee wa msikiti wakageuka wote pamoja kama swala. Nililia kidogo ndani ya helmeti, kwa vumbi na kwa aibu, lakini nilikaza mkono kwenye mafuta. Karibu na kibanda nikazima, nikabana klachi, nikateleza bila sauti mpaka miguuni pa mjomba.

Fundi aliifungua plagi kwa kitambaa. Aliinua kwenye mwanga. Akanipa nitazame. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ile inayopikwa na majani ya kutosha, kwenye kauri yote ya ncha yake, sawasawa, kana kwamba imepakwa na mtu mwenye subira. Sijaona kitu kizuri hivyo kikitoka ndani ya kitu kibaya hivyo.

"Mjomba, tazama!"

Mjomba aliishika, akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Miwani yangu iko nyumbani," alisema.

"Ulikuja kushuhudia bila miwani?"

"Kushuhudia nimeshuhudia. Imetolewa, nimeona. Kusoma ndiyo miwani."

Fundi akafunga plagi nyingine kwenye injini. Ile yetu niliifunga kwenye leso safi, nikaitia mfukoni mwa koti, nikampakia mjomba. Niliamua kuwasalimia wote njiani, kama fundi alivyosema. Lakini Akko hakuwa kwenye kona yake. Bucha ilikuwa imefungwa. Nje ya msikiti hapakuwa na mzee hata mmoja. Nilidhani wameninunia.

Walikuwa kwetu. Tuliwasikia kabla ya kufika langoni, ule mvumo wa watu wengi wanaozungumza kwa sauti ya chini. Mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Viatu vilijaa mlangoni. Kando ya ua, ngamia mkubwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya umeme, akitafuna.

"Nani amekufa?" mjomba alininong'oneza.

Nikachungulia. Mama alikuwa katikati ya wanawake akisema, "Hajafa, jamani. Ametoka hapa saa hizi akilalamika chai haina sukari." Na Akko alikuwa amemshika mabega akimjibu, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Huo ni mshtuko. Mimi nimeona wakimbeba, amefunikwa. Halafu nikaona huyu kijana akifuata mbio, hata salamu hakuweza. Kijana wa adabu kama huyu! Ni nini kingemfanya asisalimie?"

Wote wakakubali kwamba hakuna kingine.

"Mjomba," nikasema, "ni wewe."

Nilitaka kuingia nimalize jambo hilo. Mjomba akanivuta mkono. "Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo."

Ndani mwenye bucha alikuwa amesimama. Yeye na mjomba hawakuwa wamesemezana vizuri kwa miaka, tangu ugomvi wa figo fulani. "Marehemu," alianza, "alikuwa akijua nyama. Ukimpa mfupa, anakurudishia. Ukimpa nyama ya jana, anakurudishia. Sasa nitamwogopa nani?"

"Umesikia?" mjomba alininong'oneza.

Mzee mmoja wa msikiti akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Mwingine akasema alikuwa mkarimu, na hapo mama alitazama pembeni. Mjomba alikuwa ameegemea pikipiki, macho yamelowa. Kila nikinyanyua mguu ananishika. Hatimaye walipoanza kuzungumzia nani atachimba na nani ataleta sanda, alijitengeneza shuka, akaingia.

"Salaam aleikum," alisema.

Mikono yote ikasimama kwenye vikombe. Kuku mmoja akapita. Kisha Akko, ambaye maishani mwake hajaacha salamu ianguke chini, akajibu, "Waaleikum salaam. Amani? Safari ilikuwa na amani?"

"Amani," mjomba alisema.

"Na huko watu wana amani?"

Hapo mmoja wa wazee akaanguka kwenye mkeka, na ikachukua muda kumzindua. Wakati watu wanampepea na wengine wanamshika mjomba masikio na mikono kuhakikisha, mama alitokeza na birika la pili. Wageni ni wageni, alisema, na chai ilikuwa tayari imechemka.

Mwenye ngamia alikuwa kwenye mkeka wa nyuma. Alikuwa amefika mjini na ngamia wake, akauliza njia, akaambiwa mwenye nyumba amefariki, akaja hivyo hivyo kutoa pole. Mjomba akaketi karibu naye na kuomba miwani. "Leteni plagi," alisema. "Tuimalize."

Nikatia mkono mfukoni. Hamkuwa na kitu. Katika ule msukumano nilikuwa nimevua koti nikalitundika kwenye kamba, na koti halikuwa mahali pake.

"Unatafuta ile kitu ya chuma?" Akko aliuliza. Aliniletea leso yangu, imekunjwa upya. "Nimeiona imefungwa vizuri kama kitu ya maana, na ndani ni chafu! Nikaona haya, wageni wamejaa. Nimeisugua na majivu na waya wa sufuria. Tazama sasa."

Niliitazama. Iling'aa kama jino la mtoto.

Mjomba alivaa miwani, akaigeuza plagi taratibu. "Nyeupe," alisema.

"Mjomba, imesuguliwa!"

"Naona imesuguliwa. Nauliza ilikuwa rangi gani."

"Rangi ya chai ya maziwa."

"Umejuaje?"

"Nimeiona! Kwa macho yangu!"

Mjomba akanyoosha mkono kuonyesha ua mzima, mikeka, viatu, wazee, birika. "Na hawa wote," alisema, "kwa macho yao, wameniona nimekufa."

Miaka minne ya chuo kikuu, na swali langu lilikuwa limenirudia. Nilimtazama ngamia akitafuna kwenye nguzo ya umeme, nikaona mwalimu mwingine ameshika chaki yangu.

Aliyeniokoa ni mwenye ngamia, ingawa hakukusudia. Mjomba alipomgeukia ili wabadilishane, yule bwana alirudi nyuma kwenye mkeka.

"Leo siwezi," alisema. "Hii ni nyumba ya msiba."

"Msiba gani? Mimi ndiye marehemu, na nakuambia sijafa."

"Watu wamesoma dua?"

"Wamesoma."

"Wamekunywa chai ya msiba?"

"Wamekunywa."

"Basi msiba upo. Kukufa au kutokufa ni juu yako. Mimi sifanyi biashara kwa matanga. Siku tatu zipite."

Wazee wakashauriana na kuona ana hoja. Hivyo matanga ya mjomba yakaendelea, mjomba mwenyewe akiwapokea watu, na ngamia akabaki kwetu siku tatu. Ilikuwa likizo fupi ya shule, nashukuru, kwa hiyo Jumatatu hiyo haikunidai. Mjomba alinipa adhabu yangu: nirudi kwa kila niliyempita bila salamu, nikamsalimie vizuri, na plagi isomwe tena matanga yakiisha.

"Na uzime hiyo pikipiki ukiongea na watu," mama aliongeza. "Kila siku unasalimia mtu huku unampulizia moshi."

Kuzima. Nilikuwa nimefikiria kuacha salamu. Nilikuwa nimefikiria kupita uchochoroni. Nilikuwa hata nimefikiria kuhama Wabera. Kuzima sikuwa nimekufikiria, kwa sababu ya kisigino.

Siku hizo tatu nilizima kwa Akko, nikapiga kiki. Nilizima kwa bucha, nikapiga kiki. Kwa wazee wa msikiti nilizima na kukaa chini kabisa. Kisigino kilivimba. Nyumbani, ngamia alikuwa akinguruma tangu alfajiri hadi usiku. Alikula ua wa miti wa majirani, akala nguo za mama kwenye kamba, akakataa kukamuliwa na mtu yeyote asiyemjua, na hakumjua yeyote. Mara mbili alimtemea mjomba. Mjomba alikuwa amekaa mjini muda mrefu kuliko alivyokumbuka. Siku ya pili nilimkuta amesimama mbele ya ngamia, wanatazamana, na hakuna kati yao aliyeonekana kuvutiwa.

Siku ya tatu mwenye ngamia alirudi. Nilienda Kiwanjani na kurudi kwa njia ya watu wote, nikizima na kuwasha. Uani nikaifungua plagi mwenyewe, ikiwa bado ya moto, na kabla sijageuza ncha yake mjomba aliipokonya kwa pembe ya shuka. Akaielekeza juani. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Rangi ya chai," alitangaza. "Ya maziwa. Pikipiki ni mzima. Chukua ngamia wako, ndugu yangu, na Mungu akusindikize."

Akaichomeka plagi mahali pake kwa mkono wake, akaikaza kwa spana, kwa nguvu kuliko fundi yeyote angeruhusu. Mwenye ngamia hakupata kuiona. Mimi pia sikuiona. Nilipoinuka nilitazama mfuko wa shati la mjomba. Miwani ilikuwa humo, imekunjwa.

Nilifungua mdomo. Mjomba akanitazama. Mama akanitazama kutoka jikoni. Hata ngamia, aliyekuwa akifunguliwa kwenye nguzo, aligeuza kichwa.

"Vizuri," nilisema.

Jumatatu iliyofuata niliondoka mapema kwenda kufundisha. Kwenye kona nikazima injini. Akko alishusha chupa za maziwa, akapangusa mikono, akaniuliza kama kuna amani, kama mama ana amani, kama mjomba amepona kufa.

"Amepona, Akko."

"Na mbuzi?"